Kabla ya Diski, Gawa Bomba

Maneno niliyowaambia wenye Land Rover za zamani na vijana wa gereji, Jumamosi asubuhi, Arusha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana mliokalia matairi huko nyuma, sogeeni mbele, kuna vyuma vya kushika leo.

Nimeombwa niseme namna ya kutoa breki za dramu kwenye Land Rover ya zamani na kufunga za diski. Nitasema. Lakini wengi wanaokuja kwangu na kuniambia "fundi, nifungie diski" hawana ugomvi wowote na dramu. Ugomvi wao ni na dramu ambayo haijafunguliwa tangu baba yao yuko hai. (Wananicheka hapa, na mzee mmoja mbele anaangalia pembeni. Najua gari lake.)

Tuzungumzie gari moja ili tusipotee: pikapu ya Land Rover 109 (inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), Series III, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Ina dramu za inchi 11 magurudumu yote manne. Hii hapa moja, pokea, pitisha. Uzito wake mmeuona. Ndani yake hukaa shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Ukikanyaga, oili inasukuma pistoni, pistoni inatanua shuu, shuu zinakwaruza ukuta wa dramu kwa ndani.

Sasa angalieni ujanja wa mbele. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, yaani visilinda vyenye zile pistoni za kusukuma shuu, na shuu zote mbili zinasukumwa kuelekea kule dramu inakozunguka. Shuu ikishagusa, dramu yenyewe inaivuta na kuikaza zaidi. Breki inajisaidia. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kusimamisha gari hili bila busta, kile kifaa cha kuuongezea mguu nguvu, kwa mguu mtupu na viatu vya matairi. Ila ujanja huo ni wa kwenda mbele tu. Gari likianza kurudi nyuma mlimani, shuu zote mbili zinageuka kuwa za kuburutwa, ule msaada unakwisha, na dereva anakanyaga anashangaa kulikoni. Kama umewahi kuteleza nyuma na 109 huku umesimama juu ya kanyagio, hukurogwa. Ndivyo lilivyoundwa.

Niwape kisa. Nilikuwa kijana, bado nashika tochi wakati fundi wangu anafunga nati. Tulipanda pikapu ya mkulima mmoja iliyojaa vitunguu vya Mang'ola, tukapita Karatu, tukaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu. Dereva alikuwa na haraka ya soko, akaacha gia ya tatu, akawa anaishika breki kidogokidogo njia nzima. Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Baadaye ikaja harufu, kama kwato ya ng'ombe imewekwa kwenye moto. Kisha nikamwona anakanyaga mara mbili, halafu mara tatu, na goti lake linashuka chini kuliko kawaida. Hakusema kitu. Akavuta gia ya pili kwa nguvu, injini ikalia kama inachinjwa, akapiga ya kwanza, tukafika chini tukiwa hai, vitunguu vimemwagika nusu barabarani.

Na sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachoua watu. Tulikaa chini ya mti kama saa moja. Dereva akajaribu breki, zikashika vizuri kabisa. Akasema, "Aah, zilikuwa zimepata moto tu." Tukaondoka. Hakuna aliyefungua gurudumu hata moja. Breki iliyofeli kwa joto hurudi ikipoa, basi mwenye gari anaamini haikufeli.

Kilichotokea ni hiki. Dramu ikipata moto inatanuka, inajisogeza mbali na shuu, na kanyagio linalazimika kwenda mbali zaidi kuifuata. Juu ya hapo, bitana, ile ngozi ya msuguano iliyobandikwa kwenye shuu, ikizidi joto inapoteza ukali wake, inateleza kama sabuni. Mambo mawili kwa pamoja. Tupige hesabu kidogo, msiogope. Gari la tani mbili na nusu, pamoja na mzigo, likikimbia kilomita 80 kwa saa ukalisimamisha, breki zimepokea joto la kiasi fulani. Gari hilohilo likishuka mita 300 za kimo bila msaada wa injini, breki zinapokea joto hilo mara kumi na mbili. Linatosha kuchukua ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba na kuichemsha mpaka itokote. Sasa fikiria ndoo hiyo iko ndani ya dramu nne zilizofungwa kama sufuria lenye mfuniko, na joto halina pa kutokea.

Diski ni kama kufunua mfuniko. Hii hapa. Iko nje, upepo unaipiga pande zote mbili, kalipa inaibana kwa pedi kushoto na kulia. Ikitanuka kwa joto inanenepa kuelekea kwenye pedi, haiikimbii. Ukipita mtoni maji yanarushwa nje na gurudumu likizunguka, wakati dramu inayaweka ndani pamoja na matope, mpaka uendeshe huku umegusa breki ili zikauke, na mara nyingi upande mmoja unakauka kabla ya mwenzake, gari linavuta kushoto. Wenye mashamba huku kwetu hilo hawahitaji kuelezwa.

Diski si kitu kipya, tusidanganyane. Dramu ya Louis Renault na hataza ya diski ya Frederick Lanchester, Mwingereza, zote ni za mwaka 1902. Pedi za Lanchester zilikuwa za shaba, zikapiga mayowe, na barabara za vumbi zikazimaliza. Na waliotengeneza 109 walijua wanachokifanya: Range Rover yao ya 1970 ilikuwa na diski magurudumu yote manne, huku 109 ikiachiwa dramu mpaka mwisho wa uhai wake. One Ten, mrithi wa 109, ilipokuja 1983 ndipo diski zikafika mbele.

Haya. Sasa maneno yangu yenyewe, yale niliyotoka nayo nyumbani.

Kabla ya diski, gawa bomba.

Fungua boneti ya 109 nyingi za miaka ya sabini. Utakuta masta silinda moja, ile pampu ya oili inayosukumwa na kanyagio, yenye njia moja, inayolisha magurudumu manne. Hii hozi niliyoshika nimeitoa juzi kwenye gari linalotembea kila siku. Ikunjeni. Mnaona nyufa? Kama ngozi ya mamba. Hozi hii ikipasuka, haifeli breki ya gurudumu moja. Oili yote inatoka kwa mkanyago mmoja, na gari zima halina kitu. Ukafunga diski za bei mbaya mbele, kalipa nzuri, pedi nzuri, halafu ukaacha njia moja, umenunua kufuli kubwa ukalitia kwenye mlango wa kanga. Mwenye fedha za kazi moja tu mwaka huu, namwambia bila kumung'unya: aweke masta silinda ya njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, abadilishe hozi zote na mabomba yaliyokula kutu. Diski zingoje mavuno yajayo. Wateja wengine hawapendi nikisema hivi, kwa sababu masta silinda haionekani ukiegesha gari kwenye harusi.

Na hata kabla ya hilo, rekebisha dramu ulizonazo. Nyuma ya sahani ya breki kuna vichwa vya kurekebishia. Inua gurudumu kwa jeki, geuza mpaka gurudumu lisizunguke, rudisha kidogo mpaka liachie. Mbele kila gurudumu lina viwili, kila shuu na chake, na mafundi wengi wanageuza kimoja wanaondoka. Angalia wili silinda kama zinalia machozi. Peleka dramu ikakerezwe kama imekuwa yai. Na ninyi vijana, nawaomba, msipulize vumbi la breki kwa kompresa. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto. Futeni kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitieni kwenye mfuko mkifunge. Mimi nilipuliza miaka mingi kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Ukishafanya hayo yote, ukapanda gari, ukaona bado mzigo wako na milima yako vinashinda dramu, hapo njoo tuongee diski. Mbele tu.

(Dada mmoja, ana 109 ya kubebea maziwa, ananiuliza kwa nini mbele tu, si afadhali kote?)

Dada, ukikanyaga breki, uzito wote unainamia mbele. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi kama kiberiti. Ukiipa nyuma breki kali, matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya mbele na gari linataka kugeuka lije likutazame. Wenyewe waliotengeneza One Ten waliiuza kwa takriban miaka kumi ikiwa na diski mbele na dramu nyuma. Hata hiyo dramu ya nyuma inaweza kuhitaji vali ya kupunguza presha, kwa sababu bado inajisaidia wakati diski haijisaidii. Utajua kwenye majaribio, nitafika huko.

Kuhusu handbreki, kwenye Land Rover hii haimo magurudumuni kabisa. Iko nyuma ya gia boksi ndogo, dramu yake peke yake, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ekseli ya nyuma. Kwa hiyo diski haiigusi. Ila kumbukeni: ukitoa propela shafti ya nyuma, handbreki umeitoa nayo. Weka mawe.

Sasa kazi. Kalipa ya One Ten inafungwa kwenye nyumba ya swivel, pale gurudumu la mbele linapokatia kona, ina masikio yake pale. 109 haina masikio hayo. Kwa hiyo unahitaji kishikizo kinachokaa palepale sahani ya dramu ilipokuwa, kikiishika kalipa sawasawa juu ya diski. Ukiweza kununua seti iliyotengenezwa tayari, nunua. Ukichongesha hapa mjini, mpelekee mtu mwenye mashine na mchoro wenye vipimo, bamba nene lisilo na kutu, matundu yatobolewe kwa mashine, yasikatwe kwa gesi. Nimeshaletewa kishikizo kilichochomelewa kutoka kwenye jani la springi. Kilikuwa kizuri kukitazama. Jani la springi limechomwa moto na kupozwa kiwandani ili lipate ugumu wake. Ukilichomelea, pembeni ya mchomeo linakuwa kavu kama biskuti. Breki ya ghafla moja, kalipa inazunguka na diski na kukata bomba lake yenyewe. Bolti ziwe na alama 8.8 au zaidi kichwani. Zile laini za kufungia vitanda, mwachieni seremala.

Diski ikishafungwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, izungushe na uweke saa ya kupimia pembeni yake. Ikiyumba zaidi ya unene wa karatasi moja, itoe, safisha uso wa habu, rudia. Mara nyingi ni kutu tu imekaa katikati. Halafu weka rimu bila kukaza, izungushe kwa mkono polepole na usikilize. Rimu za zamani na kalipa hazikuzaliwa pamoja. Kama kidole chako hakipiti kati yao, usiondoke hapo kwa kusema "itajisugua yenyewe". Itasugua, na kitakachoisha ni kalipa.

Mguu wako sasa. Nimesema dramu inajisaidia na diski haijisaidii. Maana yake diski inataka presha kubwa zaidi kutoka kwenye masta silinda. Kuna njia ya bei rahisi, kutumia masta silinda yenye tundu dogo: ukitoka kwenye inchi 1 ukaenda robo tatu ya inchi, mguu uleule unatoa presha karibu mara 1.8. Lakini silinda ndogo inasukuma oili kidogo, na pistoni za kalipa ni nene, zinakunywa. Kanyagio linakwenda mpaka sakafuni kabla hazijashiba. Kwa hiyo ukubali kufunga busta. Injini ya petroli inakupa mvuto wa busta bure kutoka kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Dizeli haina mvuto huo, unahitaji pampu. Bahati yetu, 109 nyingi huku zimeshawekwa injini za dizeli za Kijapani, na nyingi ya hizo zina pampu ya mvuto nyuma ya alteneta. Imekaa pale imezibwa na plastiki, inasubiri kazi.

Lakini ukishafunga busta, tabia moja inakufa: kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa unabakiwa na mkanyago mmoja au miwili yenye nguvu. Baada ya hapo unakanyaga ukuta.

Nakiri kosa langu, maana nimewasema mafundi wengine vya kutosha. Gari la kwanza nililofunga diski nilifuata ushauri huuhuu ninaowapa: nikatafuta masta silinda ya njia mbili. Nikaipata mtumba, safi, imetoka kwenye gari lenye dramu magurudumu yote. Nikafunga, nikatoa upepo uliobaki ndani ya mabomba ya oili, kanyagio likawa gumu kama jiwe. Nikafurahi. Nikatoka nalo kuelekea Usa River. Kabla sijafika nikaona gari zito, kama linavuta trela. Nikasimama. Ile kuweka mkono karibu na habu ya mbele, nikauondoa haraka. Grisi ilikuwa imeyeyuka inachuruzika kwenye rimu.

Mnajua ilikuwa nini? Masta silinda za dramu mara nyingi zina kivali kidogo ndani ya tundu la kutokea, kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia kanyagio, karibu psi 10. Kwenye dramu ni kitu kizuri. Kinazikaza raba za wili silinda zisivuje, na springi za shuu zina nguvu ya kuishinda presha hiyo. Diski haina springi za kurudisha. Presha ile ndogo inatosha kuacha pedi zimeegemea diski, kilomita baada ya kilomita. Nilikuwa naendesha huku nimefunga breki. Kuna mpita njia mwema akaja na ndoo ya maji anataka kumwaga. Nikamkimbilia kumzuia, kwa sababu chuma cha moto namna ile ukikimwagia maji kinaweza kupinda au kupasuka. Tuliketi kando ya barabara mpaka jua likainama. Kile kivali kilikuwa na ukubwa wa kitufe cha shati.

Na mkikagua hicho, kagueni pia fito ya kusukuma kati ya kanyagio na masta silinda. Iwe na uchezaji kidogo, unene wa kucha. Ikikaza, utapata ugonjwa uleule na utaanza kulaumu kivali ambacho hakipo.

Oili ya breki: daraja la DOT 3 au DOT 4, limeandikwa kwenye kopo, na kopo liwe jipya. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu wa hewani inaweza kushuka mpaka 140. Mnakumbuka ile ndoo inayotokota? Oili ikichemka ndani ya kalipa inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika, kanyagio linazama. Diski nzuri na oili ya miaka sita ni kazi bure. Na atakayenitilia oili ya injini au ya gia kwenye kikombe cha breki kwa sababu "zote ni oili", raba zote zitavimba na nitamdai moja moja.

Majaribio hayafanyiki barabara kuu, na msinijaribie kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Tafuteni kiwanja kitupu. Kilomita 30 kwa saa kwanza, kanyaga, simama. Kisha 50. Mtu mmoja asimame pembeni aangalie tairi gani inajifunga kwanza. Ikiwa ya nyuma, ndipo tunaongea ile vali, dada yangu wa maziwa. Zikishakuwa sawa, pedi mpya zinataka kuzoeana na diski: toka 50 shuka hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kumi hivi, ukiacha zipoe katikati. Halafu ukirudi weka mkono karibu na kila habu. Za mbele zote mbili ziwe na joto linalofanana.

Na gia ndogo bado ni gia ndogo. Ile ndoo ya maji haikupungua hata kikombe kwa sababu umefunga diski; imepata tu pa kutolea mvuke.

Basi. Gari liko pale kivulini, limeshafungwa kalipa tangu jana, halijatolewa upepo. Nataka vijana wawili: mmoja kwenye kanyagio, asipampu kama anajaza mpira, akanyage polepole na ashikilie nikimwambia, mwingine na spana na chupa, aanze gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Wazee, nyinyi kaeni na chai, mtuhesabie mapovu. Maji ya kunawa yako karibu na geti, na oili ikidondoka kwenye bodi ioshe saa hiyohiyo, inakula rangi, na mwenye gari hili amelipaka upya mwezi uliopita.